Maisha ya Heinrich Hertz: Nguvu Itokayo na Nguvu Ipoteayo

Utangulizi

Jina la Heinrich Hertz hutamkwa kila siku nchini Kenya na watu wasiojua kwamba wanamtaja mtu. Mtangazaji anapowaarifu wasikilizaji masafa ya idhaa yake kwa megahertz, au muuzaji wa kompyuta anapotaja kasi ya mashine yake kwa gigahertz, wote wawili hulitaja jina la ukoo mmoja wa mjini Hamburg, Ujerumani. Jina hilo limepitia njia iliyopitiwa na wati, linalotokana na James Watt, na volti, linalotokana na Alessandro Volta. Limetoka katika nomino za pekee na kuingia katika nomino za kawaida. Mwenye jina amesahaulika, jina limebaki kazini.

Makala haya yanakusudia kumrejesha mwenye jina. Yatasimulia maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa, na yatatilia mkazo swali moja aliloliuliza kabla ya mtu mwingine yeyote kuweza kulijibu kwa tarakimu: katika nguvu inayoingizwa kwenye antena, ni kiasi gani kinachoondoka kweli na kwenda mbali, na ni kiasi gani kinachopotelea pale pale? Swali hilo lingali hai. Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaorusha na kunasa mawimbi kwa mapenzi wala si kwa malipo, hujiuliza swali hilo kila wanapotundika waya juu ya mti au paa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ajishughulishe na mwanafizikia. Jibu ni kwamba wasifu ni utanzu wetu, na kwamba wasifu wa wanasayansi ni adimu mno katika maktaba zetu za Kiswahili. Aidha, kama itakavyobainika punde, huyu alikuwa mwanafunzi wa lugha kabla hajawa bingwa wa mawimbi.

Kuzaliwa na Malezi

Heinrich Rudolf Hertz alizaliwa mjini Hamburg tarehe 22 Februari 1857. Babake, Gustav Ferdinand Hertz, alikuwa wakili ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa mji huo. Familia ya upande wa baba ilikuwa ya asili ya Kiyahudi iliyoingia katika Ukristo wa Kilutheri. Mamake, Anna Elisabeth Pfefferkorn, alikuwa binti wa daktari. Heinrich alikuwa kifungua mimba katika watoto watano.

Mtoto huyu alikuwa na vipawa viwili ambavyo kwa kawaida havikai katika nyumba moja. Cha kwanza kilikuwa cha lugha. Pamoja na Kigiriki na Kilatini vilivyofundishwa shuleni, alijifunza Kiarabu, na inasimuliwa kwamba mwalimu wake wa Kiarabu alivutiwa na wepesi wake kiasi cha kumshauri babake amwelekeze kijana katika taaluma ya lugha za Mashariki. Kipawa cha pili kilikuwa cha mikono. Siku za Jumapili alihudhuria shule ya ufundi kujifunza uchoraji wa kihandisi. Nyumbani alikuwa na benchi la useremala na mashine ya kukerezea, na alijitengenezea vyombo vya majaribio kwa mbao na metali. Inasimuliwa pia kwamba fundi aliyemfundisha kukereza, alipopata habari baada ya miaka mingi kwamba mwanafunzi wake amekuwa profesa, alisikitika kwamba ulimwengu umekosa mkerezaji hodari.

Vipawa hivi viwili ndivyo vilivyomtofautisha na wengi wa wakati wake. Wanahisabati waliojua milinganyo ya James Clerk Maxwell hawakujua kukereza tufe la metali, nao waliojua kukereza hawakuielewa milinganyo. Hertz aliyaweza yote mawili.

Njia Panda ya Munich

Alipomaliza masomo ya sekondari katika shule ya Johanneum mwaka wa 1875, Hertz alichagua uhandisi. Alifanya kazi ya mafunzo mjini Frankfurt, akasoma kwa muda mfupi Dresden, kisha akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja mjini Berlin. Mwaka wa 1877 alikwenda Munich kuendelea na uhandisi. Hapo ndipo moyo ulipomgeuka. Aliona kwamba akiendelea atakuwa mhandisi wa kadiri, ilhali alichokitamani ni kuchunguza maumbile yenyewe.

Hata hivyo, hakujiamulia. Alimwandikia babake barua ndefu akamweleza hali, akaomba idhini ya kubadilisha masomo. Baba aliikubali. Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wanaijua barua ya aina hiyo, hata kama wao waliizungumza kwa simu: kumweleza mzazi anayelipa karo kwamba fani uliyoiteua si yako. Hertz alikuwa na umri wa miaka 20.

Mwaka uliofuata alihamia Berlin na kuwa mwanafunzi wa Hermann von Helmholtz na Gustav Kirchhoff. Helmholtz alimtambua mara moja. Mwaka wa 1879 Hertz alishinda tuzo ya chuo kwa utafiti kuhusu mwendo wa umeme katika waya, na mwaka wa 1880 alitunukiwa shahada ya uzamifu akiwa na miaka 23 tu. Kisha alibaki Berlin kama msaidizi wa Helmholtz hadi 1883.

Katika kipindi hicho lilitokea jambo dogo lenye uzito mkubwa. Chuo cha Sayansi cha Berlin kilikuwa kimetangaza tuzo kwa yeyote atakayethibitisha kwa majaribio sehemu fulani ya nadharia ya Maxwell, nadharia iliyodai kwamba umeme na usumaku husafiri hewani kama mawimbi, na kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la aina hiyo. Helmholtz alimhimiza Hertz ajaribu. Hertz alikaa akapiga hesabu, akaona kwamba vyombo vilivyokuwapo havingeweza kutoa mtetemo wa kasi na nguvu ya kutosha kuonekana. Akakataa. Mtu mwenye tamaa ya tuzo angeanza tu na kutumaini bahati. Yeye alipima kwanza uwezo wa chombo chake, kisha akaliweka swali akibani.

Cheche za Karlsruhe

Kuanzia 1883 Hertz alifundisha Kiel, mahali ambapo hapakuwa na maabara ya kutosha, kwa hiyo alijikita katika nadharia na kuisoma kazi ya Maxwell kwa kina. Mwaka wa 1885 aliitwa kuwa profesa mjini Karlsruhe. Huko alipata vyombo, na huko alipata jiko. Tarehe 31 Julai 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mhadhiri mwenzake. Walijaliwa mabinti wawili: Johanna, aliyezaliwa mwaka wa 1887, na Mathilde, aliyezaliwa mwaka wa 1891.

Katika majira ya vuli ya 1886, akiwa miongoni mwa vyombo vya kufundishia, Hertz alikuta jozi ya misokoto ya waya. Alipopitisha umeme wa mtungi mdogo wa Leiden katika msokoto mmoja, cheche ziliruka katika msokoto wa pili ambao haukuunganishwa na kitu. Wengine walikuwa wamewahi kuona mambo ya namna hiyo wakayapuuza. Hertz, aliyekuwa na swali la Berlin akibani kwa miaka saba, alitambua kwamba cheche hizo ni dalili ya mtetemo wa kasi kubwa mno, ule ule alioukosa awali.

Akaunda chombo ambacho leo tungekiita antena ya kwanza ya kurushia mawimbi. Kilikuwa waya mnene wa shaba uliokatwa katikati na kuachwa upenyo mdogo, na katika kila ncha yake tufe la zinki lenye kipenyo cha sentimita 30. Umeme ukiruka katika upenyo, malipo ya umeme hukimbia huku na huku kati ya matufe hayo mawili mamilioni ya mara kwa sekunde. Kipokezi chake kilikuwa sahili zaidi: duara la waya lenye nusu kipenyo cha sentimita 35, lenye upenyo mwembamba wa kurekebishwa kwa skrubu. Cheche iliyoonekana humo ilikuwa hafifu sana, na urefu wake ulipimwa kwa sehemu za mia za milimita. Hertz alikaa gizani saa nyingi akiitazama kwa macho yake mwenyewe. Hakuwa na kipimo kingine.

Gizani humo aligundua jambo ambalo hakulitafuta. Alipofunika kipokezi kwa kisanduku ili aione cheche vizuri zaidi, cheche ilifupika. Badala ya kulipuuza, aliacha utafiti wake kwa miezi kadhaa ili alifuatilie, na mwaka wa 1887 akachapisha matokeo: nuru ya urujuanimno kutoka kwenye cheche kubwa ndiyo iliyorahisisha cheche ndogo kuruka. Tukio hilo alikuja kulieleza Albert Einstein mwaka wa 1905.

Ukumbi, Ukuta na Kosa

Mwaka wa 1888 Hertz alikuwa tayari kupima wimbi lenyewe. Alichukua ukumbi wa mihadhara wenye urefu wa takriban mita 15, akaondoa mabomba ya gesi na taa zilizoning'inia, na ukutani akabandika bamba la zinki lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Wimbi likigonga bamba hurudi, na wimbi liendalo hukutana na lile lirudilo. Mahali fulani huongezeana nguvu, mahali pengine huuana. Hertz alitembea na duara lake la waya akitafuta mahali cheche zinapokua na zinapozimika. Umbali kati ya sehemu mbili za kuzimika ulikuwa nusu ya urefu wa wimbi. Akijua urefu wa wimbi, na akiwa amekokotoa idadi ya mitetemo kwa sekunde, angeweza kupata kasi yake.

Hapa ndipo wasifu nyingi za Hertz hukimbilia ushindi. Ni kweli kwamba alithibitisha kuwapo kwa mawimbi. Lakini vipimo vyake vya mwanzo vilikuwa na makosa mawili, na namna alivyoyachukulia ndiyo inayotufunulia mtu mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Katika kukokotoa muda wa mtetemo alitumia thamani iliyozidi maradufu kwa kipengele kimoja, na mwanahisabati wa Kifaransa Henri Poincaré ndiye aliyelibaini. Kosa la pili lilikuwa la mahali. Vipimo vya Karlsruhe vilionyesha kwamba wimbi linalofuata waya huenda polepole kuliko wimbi la hewani, jambo ambalo halikupatana na nadharia ya Maxwell. Mwaka wa 1893 Édouard Sarasin na Lucien de la Rive walirudia jaribio hilo Geneva katika ukumbi mkubwa zaidi, wakakuta kasi hizo mbili ni sawa. Ukumbi wa Hertz ulikuwa mdogo mno kwa wimbi lenye urefu wa mita kadhaa. Kuta na nguzo za chuma zilikuwa zikirudisha mawimbi na kuvuruga vipimo.

Mwaka wa 1892 Hertz alipokusanya makala zake zote na kuzitoa kama kitabu, angeweza kuyasahihisha makosa hayo kimyakimya. Hakufanya hivyo. Aliziacha makala kama zilivyokuwa, akaongeza maelezo yanayoonyesha alipokosea na aliyemkosoa, na katika utangulizi akasimulia njia nzima pamoja na vichochoro vyake visivyotokea popote. Mtu aliyekwisha kupata umaarufu duniani hakuona haya kuwaonyesha wasomaji alipojikwaa.

Nguvu Inayoondoka

Mwishoni mwa 1888 alipunguza urefu wa wimbi hadi takriban sentimita 66, akatengeneza vioo vya zinki vyenye urefu wa mita 2, na mche wa lami wenye uzito wa takriban kilo 600. Kwa vyombo hivyo alionyesha kwamba mawimbi yake huakisika, hupinda na huchujwa sawasawa na mwanga. Habari zilienea Ulaya nzima.

Hata hivyo, kwa mada yetu, kazi iliyo muhimu zaidi ni makala ya 1889 aliyoiandika kwa kalamu na karatasi pasipo cheche. Humo alitumia milinganyo ya Maxwell kuchora nguvu zinavyotoka kwenye antena. Karibu na antena, nguvu hutoka na kurudi kama pumzi. Mbali kidogo, sehemu ya nguvu hiyo hukatika, hujifunga yenyewe na kuondoka isirudi tena. Sehemu hiyo isiyorudi ndiyo mnururisho.

Kisha akauliza: ni kiasi gani? Alichukua mfano wa antena yenye matufe kama yale aliyoyatumia, akakadiria akiba ya nguvu iliyomo kabla ya cheche kuruka, na akakokotoa nguvu inayoondoka kila nusu mtetemo. Jibu lilikuwa kwamba baada ya nusu mitetemo 11 hivi, nusu ya akiba yote ingekuwa imekwisha kuondoka kwa mnururisho. Kwa lugha ya leo, chombo chake kilikuwa mrushaji hodari: hakikuishikilia nguvu yake kwa muda mrefu. Lakini hesabu hiyo ilihusu nguvu inayoondoka tu. Nguvu inayoishia kuwa joto katika cheche na waya ilihitaji kupimwa kando. Kazi ya kupima mitetemo inavyofifia iliendelezwa na Vilhelm Bjerknes, kijana wa Kinorwe aliyefanya kazi na Hertz mjini Bonn kuanzia 1890, na ambaye baadaye alikuja kuwa mwasisi wa utabiri wa kisasa wa hali ya hewa.

Kuanzia hapo maswali mawili yalitengana: nguvu itokayo na nguvu ipoteayo. Ufanisi wa antena ni uhusiano kati ya hizo mbili.

Barua ya Desemba 1889

Hertz alihamia Bonn mwaka wa 1889 kuwa profesa baada ya kifo cha Rudolf Clausius. Mnamo Desemba mwaka huo mhandisi mmoja alimwandikia kumuuliza iwapo mawimbi yake yangeweza kubeba sauti ya simu. Hertz alijibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa kingehitajika kioo chenye ukubwa wa bara zima.

Jibu hili hutajwa mara nyingi kwa kejeli, kana kwamba mgunduzi hakuona alichogundua. Tukilichunguza tunaona kwamba lilikuwa sahihi kwa swali aliloulizwa. Sauti ya binadamu hutetema mamia na maelfu ya mara kwa sekunde. Wimbi la mitetemo 1,000 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 300, na antena iliyo ndogo mno ukilinganisha na wimbi lake hurusha kiasi kidogo mno. Hesabu yake mwenyewe ya 1889 ilionyesha hivyo. Ambacho hakuna aliyekifikiria wakati huo ni kuipandisha sauti juu ya wimbi jingine la kasi zaidi, kama abiria juu ya chombo, hata antena ya mita chache ikatosha. Hilo lilikuja baada yake.

Warithi Wasiolipwa

Guglielmo Marconi alipoanza kazi yake katika miaka ya 1890, akafanikisha ishara ya kuvuka Atlantiki mwaka wa 1901, makampuni yalifuata mawimbi marefu na antena kubwa zenye minara mirefu. Mwaka wa 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, eneo lililodhaniwa halina faida. Kumbe waliotengwa walipewa shamba lenye rutuba. Mnamo Desemba 1921 Paul Godley, akiwa ndani ya hema huko Ardrossan, Scotland, alizinasa ishara za wanaredio wa ridhaa wa Marekani. Mnamo Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, aliwasiliana na Fred Schnell wa Marekani, huku na huku, kwa mawimbi ya takriban mita 110. Leo wanaredio wa aina hiyo wako kila bara. Wa Kenya hutambulika kwa alama 5Z4, na wa Tanzania kwa 5H.

Mwanaredio wa ridhaa ana nguvu chache, mara nyingi wati 100 au pungufu, kwa hiyo ufanisi kwake si anasa. Nadharia ni rahisi. Antena huonekana kwa mtambo kama ukinzani wenye sehemu mbili: ukinzani wa mnururisho, unaowakilisha nguvu inayoondoka, na ukinzani wa upotevu, unaowakilisha joto la waya, la misokoto na la udongo. Ufanisi ni sehemu ya kwanza ikigawanywa kwa jumla ya zote mbili. Waya wenye urefu wa nusu wimbi uliotundikwa mbali na vizuizi una ukinzani wa mnururisho wa takriban ohmu 73. Ukipoteza ohmu 2 tu, ufanisi wake ni asilimia 97. Lakini fimbo fupi juu ya gari, ikirusha wimbi la mita 80, inaweza kuwa na ukinzani wa mnururisho wa nusu ohmu. Upotevu ukiwa ohmu 9 na nusu, ufanisi ni asilimia 5. Wati 100 zinaingia, wati 5 zinaondoka.

Ugumu uko katika kuzipima sehemu hizo, kwa sababu vipimo vya kawaida hudanganya. Kipimo kinachopendwa zaidi ni kile kinachoonyesha nguvu inayorudi kwenye mtambo kutoka kwa antena. Kikionyesha kwamba hakuna kinachorudi, wengi hufurahi. Lakini nguvu isiyorudi si lazima iwe imeondoka. Kizuizi cha ohmu 50 kilichofungwa ndani ya kopo hakirudishi chochote wala hakirushi chochote. Chapasha kopo joto tu. Kimya cha mshale si ushahidi wa safari.

Kwa sababu hiyo zimebuniwa njia nyingine. Ya kwanza ni kupima nguvu ya wimbi mbali na antena, kisha kuilinganisha na antena nyingine inayojulikana, mahali pale pale na kwa nguvu ile ile. Ya pili hutumika kwa antena za wima: waya huongezwa ardhini mmoja mmoja, na ukinzani unaopungua kila mara huonyesha kiasi cha upotevu wa udongo ulioondolewa. Utafiti uliochapishwa na George Brown na wenzake mwaka wa 1937 ndio uliowafunza wahandisi thamani ya kutandaza waya nyingi ardhini, hadi 120. Njia ya tatu ilielezwa na Harold Wheeler mwaka wa 1959, nayo hufaa antena ndogo. Kwanza ukinzani hupimwa antena ikiwa wazi, kisha hufunikwa kwa kifuniko cha metali kinachozuia mnururisho na kupimwa tena. Kinachobaki chini ya kifuniko ni upotevu. Ikiwa wazi ni ohmu 50 na imefunikwa ni ohmu 20, basi 30 zilikuwa za mnururisho, na ufanisi ni asilimia 60.

Katika njia hizi zote somo la ukumbi wa Karlsruhe hurudi. Ukuta wa mabati, uzio, bomba au mwili wa mpimaji mwenyewe hubadilisha matokeo. Mwanaredio mwangalifu huandika alipima wapi, lini, na nini kilikuwa karibu.

Ugonjwa na Kifo

Mwaka wa 1890 Hertz alipewa nishani ya Rumford na Jumuiya ya Kifalme ya London. Alikuwa na miaka 33, mke, mtoto na kiti cha heshima. Lakini afya yake ilianza kudhoofika. Mwaka wa 1892 alishikwa na maradhi makali ya pua na kichwa, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa bila kupata nafuu ya kudumu. Madaktari wa baadaye wamefikiri kwamba huenda lilikuwa shambulio la mishipa ya damu ambalo wakati huo halikuwa na jina wala tiba.

Katika miaka hiyo ya maumivu aliandika kitabu kuhusu misingi ya umakanika, akakipeleka kwa mchapishaji mnamo Desemba 1893. Hakukiona kikiwa kimechapwa. Aliaga dunia mjini Bonn tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36, na akazikwa Hamburg. Helmholtz, mwalimu aliyetarajia kurithiwa na mwanafunzi wake, ndiye aliyelazimika kuandika dibaji ya kitabu hicho, naye akafariki Septemba mwaka huo huo.

Mtihani wa mwisho ulilikuta jina lake. Wanazi waliposhika hatamu mwaka wa 1933, asili ya Kiyahudi ya ukoo wake ilitosha kuwatia hatarini jamaa zake, ingawa walikuwa Wakristo. Mathilde, aliyekuwa mwanabiolojia, alizuiwa katika kazi yake. Elisabeth na mabinti wake walihamia Uingereza katika miaka hiyo ya 1930, na mjane huyo alifia huko mwaka wa 1941. Ni katika miaka iyo hiyo ya 1930 ambapo mafundi wa umeme duniani walilipitisha jina la Hertz kuwa kipimo cha masafa, na mwaka wa 1960 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ukaliingiza katika mfumo wa kimataifa. Nchi iliyomzaa ilipokuwa ikiwafukuza walioitwa kwa jina hilo, dunia ilikuwa ikijifunza kulitamka.

Hitimisho

Makala haya yamemwangalia Hertz kama mpimaji zaidi ya mgunduzi. Alikataa tuzo ya Berlin kwa sababu alijua chombo chake hakikutosha, aliacha makosa yake yaonekane kitabuni, na alijibu swali la simu kwa kadiri hesabu zilivyomruhusu. Wanaredio wa ridhaa waliorithi mawimbi yake wamerithi pia mzigo wa kutotosheka na mshale uliotulia.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili liko jambo moja zaidi. Katika kuandika kurasa hizi, maneno mengi yalikuwa tayari: masafa, mnururisho, ukinzani, mtetemo, urujuanimno. Walioyaunda na kuyasanifu walitumia nguvu nyingi katika kamati na kamusi. Kinachosalia kupimwa ni kiasi gani cha nguvu hiyo kimeondoka kamusini na kuwafikia wasomaji. Njia ya kupima ni kuandika maisha na kazi za watu kama huyu, kisha kumpa mwanafunzi wa kidato cha tatu asome, na kumuuliza ameelewa nini.